Nyumba za zamani za Butembo na Beni: kuta zimebaki, majina ya wenyewe yanapotea

Ukitembea Butembo asubuhi, wakati ukungu bado umelala kwenye mabonde, inua macho uangalie mapaa. Kati ya manjanja mapya yanayong'aa na nyumba za etaje zinazopanda kila mwaka, utaona hapa na pale paa la zamani lenye kitu ambacho vijana wengi hawajui kazi yake: bomba la matofali la kutolea moshi. Siyo la jikoni. Ni la moto wa sebuleni. Waliojenga nyumba hizo walitoka Ulaya, na katika mji huu ulio juu ya mita 1,700, hata kama uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, walisikia baridi kila usiku.

Leo sebule hiyo labda ni ofisi, labda ni depo ya bidhaa, labda familia tatu zimeigawanya kwa mbao. Moto hauwashwi tena. Uliza nyumba ilikuwa ya nani, na watu watatu watakupa majibu matatu: ilikuwa ya kampuni, ilikuwa ya Mgreki, ilikuwa ya mfanyabiashara fulani aliyekufa zamani. Mara nyingi wote watatu wanasema kweli. Nyumba moja imekuwa na wenyewe wengi, na karibu kila mara ilipobadilisha mikono, nchi nzima ilikuwa inabadilika.

Hii siyo hadithi ya kupitisha jioni tu. Katika Butembo na Beni, parsele moja inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko mali nyingine yote ya familia. Anayejua nyumba ilipita kwa nani, mwaka gani na kwa karatasi gani, ndiye anayeweza kujitetea siku mtu atakapotokea na hati mkononi. Asiyejua, hubaki na kilio.

Mji uliozaliwa na dhahabu

Butembo ya leo ilianza na kampuni. Minière des Grands Lacs, ambayo watu wote walizoea kuiita MGL, iliundwa mwaka 1923 kwa kutafuta madini katika mashariki ya Kongo. Mwisho wa miaka ya 1920 ilijiweka Butembo, mahali pa hewa nzuri, penye watu wengi na chakula kingi, ili kuhudumia machimbo ya dhahabu ya upande wa magharibi katika wilaya ya Lubero, kama Lutunguru na Manguredjipa.

Kampuni ilijenga kama kampuni. Ukubwa wa nyumba ulifuata cheo. Mkubwa wa kazi alipewa nyumba yenye bustani na baraza pana, wasaidizi wake Wazungu walipewa nyumba ndogo zaidi zilizofanana kama mapacha, na wafanyakazi Waafrika walipangwa katika kambi, mbali kidogo. Ndiyo sababu nyumba za aina hiyo hazina jina la familia. Aliyelala ndani alikuja na mkataba, akaondoka na mkataba wake ulipoisha, na mwingine akaingia na masanduku yake. Mwenye nyumba alikuwa kampuni. Na kampuni nayo ilikuja kufa: mwaka 1976 MGL iliunganishwa na nyingine kuwa SOMINKI, ambayo nayo haikuvuka miaka ya 1990.

Namna ya kuzitambua bado ipo. Ukuta ni mnene, wa matofali ya kuchoma au mawe, na msingi umeinuliwa juu ya udongo. Paa lina mteremko mkali kwa ajili ya mvua yetu. Baraza linatangulia mlango. Jiko liko nje, limetengwa na nyumba kubwa. Na nyuma kabisa ya parsele kuna kajumba kadogo ambako wengi wanakaita boyeri hadi leo, ingawa wanaokalipia kodi sasa siyo maboyi wa mtu. Ni wanafunzi wa chuo kikuu au wazazi vijana wanaoanza maisha. Jina limebaki, kazi imebadilika.

Beni ya kwanza haikuwa hapa

Kwa Beni habari ni nyingine. Beni ya kwanza, ile kituo cha serikali cha mwanzo wa karne iliyopita, haikuwa mahali ambapo mji uko leo. Ilikuwa upande wa mto Semuliki. Mapadri wa kwanza nao walifungua misioni yao kule. Lakini bonde la Semuliki lilipigwa na ugonjwa wa malale, ule unaoletwa na mbung'o, na watu walihamishwa kwa wingi.

Tena kulikuwa na jambo la hifadhi. Mwaka 1925 Wabeleji waliunda Parc National Albert, hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika, ambayo leo tunaiita Virunga. Ilipoongezwa, mpaka mwaka 1935, ilikuwa imefika bonde la Semuliki na mlima Ruwenzori. Watu waliokuwa na nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao ndani ya mipaka hiyo walijikuta nje.

Tunapozungumza juu ya nyumba za kihistoria, tuanze na hizo ambazo hazionekani tena. Zilijengwa kwa miti, udongo na majani. Mvua mbili tatu bila mwenyewe, nyumba imerudi kuwa udongo. Haikuacha bomba la moshi wala hati ofisini. Imebaki katika kichwa cha mjukuu anayejua kwamba ng'ambo ile, penye mti ule, ndipo babu alipozaliwa. Ukifanya orodha ya nyumba za zamani ukaanza na tofali la kwanza, umekwisha kuwafuta wenyewe wa kwanza.

Nyumba juu ya kilima cha mtu

Vilevile kwa mashamba makubwa ya Lubero na Beni. Mwaka 1928 Ubelgiji iliunda Comité National du Kivu, ambayo ilipewa uwezo wa kugawa ardhi kwa walowezi. Wakaja Wabeleji na Wazungu wengine, wakapanda kahawa, ngano, pareto na mboga za kizungu kwenye vilima vyetu vya baridi. Mlowezi alichagua mahali pa kuona mbali. Ndiyo maana nyumba nyingi za mashamba hayo, zile zilizobaki na zile ambazo ni magofu sasa, ziko juu ya kilima, na njia iliyopandwa miti pande mbili.

Lakini kilima kilikuwa na mwenyewe. Katika desturi ya Wanande, ardhi ya kilima ina mkubwa wake, na anayelima juu yake huleta muhako, mara nyingi mbuzi, kama kukiri kwamba anajua ardhi ni ya nani. Mlowezi hakuleta muhako. Alikuwa na karatasi ya CNKi. Tangu siku hiyo, ardhi moja ilikuwa na wenyewe wawili: mmoja kwa desturi, mmoja kwa karatasi. Ugomvi mwingi wa mashamba tunaousikia leo katika Lubero ulizaliwa hapo, na umerithiwa kama vile nyumba inavyorithiwa.

Duka mbele, kitanda nyuma

Katika barabara za biashara za Butembo na Beni, waliotawala kabla ya uhuru hawakuwa Wabeleji sana. Walikuwa Wagreki. Waliuza vitambaa, chumvi, sabuni, baiskeli na mafuta ya taa, na walinunua kahawa. Nyumba yao haikuwa na bustani ya maua. Mbele ilikuwa duka lenye milango mipana ya mbao au chuma iliyoelekea barabara, na kivuli cha kungojea mbele yake. Nyuma au juu ya duka ndipo mwenyewe alilala na familia yake. Nyuma zaidi, ua wa kupakulia lori na depo.

Angalia vizuri: ndiyo nyumba ambayo wafanyabiashara wetu wenyewe wameijenga kwa miaka hamsini iliyofuata, hata kama sasa ina etaje tatu na vioo vya rangi. Aliyekuwa mchuuzi au karani katika duka la Mgreki alijifunza pale hesabu, na pia ramani ya nyumba.

Miaka 3 iliyobadilisha funguo

Kama unataka kufuata nyumba ya zamani, shika miaka 3 kichwani: 1960, 1964 na 1973.

Tarehe 30 mwezi wa sita 1960 nchi ilipata uhuru. Wazungu kadhaa waliuza haraka kwa bei ya chini, wengine walifunga mlango na kuachia ufunguo kwa mpishi au kwa mapadri, wakifikiri watarudi. Mwaka 1964 waasi wa Simba walifika Beni na Butembo, na waliokuwa wamebaki wengi waliondoka. Nyumba nyingi zilikaa bila mwenye kuonekana. Mlinzi aliyeachiwa ufunguo alingoja mwaka, akangoja miaka mitano, akazaa ndani. Watoto wake wanasema nyumba ni yao. Utawaambia nini?

Halafu tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Rais Mobutu alitangaza zairianizasio. Maduka, mashamba na nyumba za biashara za wageni zilitolewa kwa Wazaire. Wagreki waliondoka na sanduku. Wengine waliopewa walijua kazi na wakaendelea. Wengine waliuza bidhaa zilizokuwa kwenye rafu, wakamaliza, wakafunga. Uchumi ulianguka upesi, na kufikia mwaka 1976 serikali ilikubali kurudisha sehemu ya mali kwa wenyewe wa zamani. Ila nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kupita kwa mkono wa pili au wa tatu.

Mwaka huohuo wa 1973, miezi michache kabla, ilitoka sheria ambayo kila mwenye parsele angepaswa kuijua: sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973. Inasema udongo wote ni mali ya serikali. Raia hapewi udongo wenyewe. Anapewa haki ya kuutumia: haki ya kudumu kwa Mkongomani, haki ya muda kwa mgeni. Na haki hiyo inathibitishwa na hati ya andikisho, ile tunayoita setifika, inayotolewa na konservateri. Karatasi ya kuuziana iliyotiwa sahihi mbele ya shefu wa mtaa ni ushahidi wa mapatano, lakini haina nguvu ya setifika. Na setifika ikimaliza miaka 2 bila kupingwa, ni vigumu sana kuiangusha. Kwa hiyo familia inayokaa kimya ndani ya nyumba ya babu, ikifikiri miaka 40 ya kulala pale inatosha, inaweza kuamka siku moja ikute mtu mwingine ameandikisha.

Wafanyabiashara wa kwetu

Nafasi iliyoachwa na Wagreki ilijazwa na Wanande wenyewe. Malori ya mboga na maharagwe yalishuka Kisangani. Kahawa ilipita Kasindi, ikavuka Uganda na Kenya mpaka bandari ya Mombasa. Lori lilirudi na bidhaa, kwanza za Nairobi na Kampala, halafu za Dubai, halafu za Uchina. Serikali ilikuwa mbali. Wafanyabiashara walichanga wenyewe kwa barabara na kazi nyingine za mji. Kwa pesa hizo walinunua nyumba za zamani, na baadaye wakajenga zao.

Nyumba hizo za miaka ya 1970 na 1980, zenye saruji iliyoletwa kwa taabu na geti la chuma lililochomelewa hapahapa mjini, nazo sasa ni historia. Lakini hakuna anayeziita hivyo, na ndizo zinazoanguka mbele. Baba anakufa, watoto ni wengi, wake labda ni zaidi ya mmoja, parsele iko katikati ya mji. Njia fupi ni kuuza na kugawana. Mnunuzi hataki nyumba, anataka kiwanja. Wiki mbili, nyundo na matingatinga, na sehemu ambayo mzee alipokelea wageni wa kila kabila imekuwa shimo la msingi wa galeri mpya.

Kwenye mgawanyo huo sheria ina neno lake. Kanuni ya familia ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987 inawapa watoto sehemu kubwa ya urithi, robo 3, wavulana kwa wasichana sawasawa, na hata aliyezaliwa nje ya ndoa kama baba alimtambua. Mjane naye ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa na mume wake. Shemeji anayekuja na kufuli siku ya tatu baada ya mazishi hana sheria nyuma yake, hata kama ana sauti kubwa.

Nyumba iliyogeuka kifungo

Misioni ndizo zilizotunza vizuri zaidi, kwa sababu padri hafi na nyumba yake: anakuja mwingine. Wasomsionisti walifika mwaka 1929, na majengo yao ya matofali bado yanatumika katika dayosisi yote ya Butembo-Beni.

Kuna makao ya aina hiyo ambayo yana uzito wa pekee katika kumbukumbu yetu. Askofu Emmanuel Kataliko aliongoza dayosisi hii kutoka 1966 mpaka 1997, miaka 31, kabla ya kupelekwa Bukavu kama askofu mkuu. Ujumbe wake wa Noeli ya 1999 uliwakasirisha waasi wa RCD, na mwezi wa pili 2000 walimzuia kurudi Bukavu wakamfukuzia Butembo. Walitaka kumwadhibu kwa kumrudisha kwao. Alikaa miezi saba, kati ya watu aliowabatiza na kuwaoza. Mwezi wa tisa aliruhusiwa kurudi Bukavu, na tarehe 4 mwezi wa kumi 2000 alifariki Roma. Mgeni anayepita mbele ya majengo ya dayosisi anaona kuta na miti tu. Bila mtu wa kumwambia, hawezi kujua kwamba hapa mji mzima ulikuwa mwenyeji wa mfungwa mmoja.

Vita haviulizi setifika

Tangu 1996, wenye bunduki wamepita wengi, na kila mara wakubwa wao hutafuta nyumba kubwa. Beni ilikuwa makao makuu ya RCD-K/ML mpaka 2003. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji katika Beni na kando yake yamewafanya maelfu ya watu kuacha nyumba zao vijijini na kukimbilia mjini. Mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipochukua Goma, uongozi wa jimbo ulihamia Beni kwa muda. Watu wameongezeka, parsele zimebaki zilezile.

Anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria. Karatasi zinabaki kwenye sanduku chini ya kitanda, na sanduku linaungua. Nyumba iliyoachwa leo Eringeti au Mbau inaanza safari ileile ya nyumba ya Mgreki wa 1973: mwenyewe hayupo, mwingine yumo, na baada ya miaka 20 wote wawili watakuwa na wajukuu wanaosema ni ya kwao.

Wengine walifanyaje

Nairobi, nyumba ya mwandishi Karen Blixen wa Denmark, aliyelima kahawa pale mpaka 1931, inalindwa. Denmark iliinunua na kuitoa zawadi kwa Kenya ilipopata uhuru, na tangu 1986 ni nyumba ya makumbusho. Watu wanalipa kuingia. Ni nyumba ya kawaida ya mlowezi, wala siyo kubwa kuliko zile zinazobomoka Lubero. Tofauti ni kwamba kisa chake kiliandikwa.

Zanzibar, katika Mji Mkongwe, kuna nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, yenye mlango wa mbao uliochongwa. Alifariki pale mwaka 1905. Sisi Wakongomani tunamjua: misafara yake ya pembe na watumwa ilifika Kasongo, na watu wa misafara ya namna hiyo waliingia mpaka misitu ya Ituri. Kiswahili unachosoma sasa hivi kilipanda kwetu kwa njia hizo pia. Kutunza nyumba ya mtu kama huyo siyo kumsifu. Ni kuwa na mahali pa kusimama na kueleza watoto alifanya nini, kwa jina na kwa mwaka.

Kongo pia ina sheria. Ile ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni inaruhusu nyumba kuorodheshwa ili isibomolewe ovyo. Lakini sheria haiwezi kulinda nyumba ambayo hakuna aliyeitaja.

Kuanza hakuhitaji serikali wala msaada wa nje. Chukua daftari. Andika wenyewe wote wa nyumba yenu kwa mfuatano, hata kama mwaka ni wa kukisia, na uandike pia aliyekuambia. Nenda ofisi ya kadastri uulize parsele imeandikishwa kwa jina la nani. Uliza parokia, maana vitabu vya ubatizo na ndoa vina majina ambayo ofisi za serikali zilipoteza. Piga picha karatasi zote na uziweke kwa simu ya mtu anayeishi mji mwingine. Piga picha nyumba yenyewe, mbele, nyuma na boyeri, kabla ya kuuza au kubomoa.

Na kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya MGL, kabla ya Mgreki, kabla ya babu aliyenunua, acha mstari mmoja kwa yule aliyekuwa na kilima wakati hapakuwa na tofali. Wazee wanaojua jina lake bado wapo, lakini kila mwaka tunawazika. Nenda ukawaulize wiki hii.